Jicho Kwenye Tundu la Mlango

Sehemu ya saba

Alhamisi ile nilipoamka nilikosa vitu vifuatavyo: umeme, sabuni ya kunyolea, meno mawili ya mbele, mke (Mungu alimchukua mwaka wa korona), miwani yenye miguu yote miwili, usingizi wa siku mbili, na mtu hata mmoja wa kumwambia lililonipata. Na juu ya yote hayo, nilikosa ruhusa ya kukanyaga nyumba ya mwanangu.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo, hasa kwako wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalimaliza.

Mimi ni Mukhwana, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kianda. Nina miaka sitini na tisa. Cheti changu cha darasa la nane nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mbili, katika shule ya jioni, na ukiiita ngumbaru mbele yangu tutakosana.

Mtu mmoja anayeitwa Ndululu aliniagiza milango tisa ya jela. Alikuwa anatengeneza filamu ya wanawake wafungwa, jina lake *Warembo wa Seli Tisa*, na jela yenyewe ni ghorofa ambalo halijakamilika huko Gatina. Aliniambia filamu hiyo inafundisha. Mimi nikasimama kanisani, siku ya Jumapili, nikatangaza kwamba inafundisha.

Kisha kiburi kikaniponza. Nilipopeleka milango nilimwambia kwamba mlango wa jela bila tundu la askari kuchungulia ni mlango wa choo. Nikatoboa tundu papo hapo. Ndululu akanitazama, akasema, "Basi mzee, askari ni wewe." Wakanivika kofia. Nikachungulia.

Jumanne, Valary, jirani yangu anayeuza chipsi, akanionyesha kipande cha filamu kwenye simu. Jicho langu lilikuwa pale, kubwa kama sahani, na kovu lake la cheche. Halafu picha ikageuka. Upande wa pili wa tundu kulikuwa na mwanamke anayeoga kwenye karai, mgongo wazi, uso ukutani.

"Mzee," Valary akasema polepole, "mimi siku hiyo nilikuwa kwa line ya wafungwa wa filamu, nyuma yake. Huyo ni Sella."

Sella ni mke wa Morris. Morris ni mwanangu wa pekee.

Kwetu Bungoma baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe. Haketi kitandani pake. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia majanini. Na akimwona uchi, hata kwa bahati mbaya, hakanyagi tena nyumba ya mwanawe mpaka wazee wakae na kondoo achinjwe.

Mimi sikumwona. Nakiri mengi katika hadithi hii, lakini hilo sikiri. Siku niliyochungulia, nyuma ya mlango kulikuwa na stuli, na juu ya stuli kopo la rangi nyeupe. Ndululu aliniambia, "Angalia kopo kama mtu mwenye njaa." Nikaliangalia. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Sella alipigwa picha siku nyingine. Hakujua kuwa mimi nimo. Mimi sikujua kuwa yeye yumo.

Sasa filamu nzima itaonyeshwa Jumamosi katika ukumbi wa kuonyeshea mpira pale Kabiro, na katika filamu nzima Sella anageuka. Uso wake unaonekana. Morris yuko Naivasha kwenye mjengo, anaweka vigae, na Jumamosi mchana anarudi Kabiro kwake. Kila Jumamosi jioni huwa kwenye ukumbi ule ule.

Hapo ndipo tulipoachana.

Alhamisi hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Kianda hadi Gatina. Kutembea ni zoezi, na hasira nayo huhitaji nafasi.

Mwenye ghorofa, Naftaly Kagiri, alikuwa ameshaingiza wapangaji chini bila kungoja filamu iishe. Milango yangu ya jela haikubanduliwa. Seli ya tatu ilikuwa na mama anayepepeta maharagwe, na nepi zimeanikwa kwenye vyuma vyangu.

Ndululu alikuwa juu, mbele ya kompyuta, dirisha limezibwa kwa gunia.

"Staa wetu!" akasema bila kuinuka. "Mzee, watu elfu kumi na moja wameshaona hiyo kitu!"

"Futa."

"Nifute nini?"

"Jicho langu, au yule mwanamke. Kimoja kitoke."

"Hapo ndipo kuna utamu, mzee wangu. Ukitoa hapo inabaki wanawake wakipigania ugali."

"Yule ni mke wa mwanangu."

Akageuka na kiti chake. Ndululu ni Mkamba, na Wakamba nao wanaijua haya ya wakwe. Niliona neno limemwingia. Likamtoka vile vile.

"Kwani ulimwona?"

"Niliona kopo la rangi! Wewe mwenyewe uliliweka!"

"Sasa si uko sawa? Wewe uliangalia kopo. Ni watu ndio wataona ukiangalia mwanamke."

"Na mwanangu ni mtu."

Akavuta droo, akatoa karatasi tatu. Nilizijua. Mkataba wa Kiingereza. Siku ya kuutia saini, Valary alijitolea kunisomea, nikamwambia sihitaji kusomewa na mtoto wa juzi. Nikakaa nao jioni mbili pamoja na kamusi.

"Kifungu cha nne," Ndululu akasema. "Picha zako zinaweza kuunganishwa na picha zingine zozote. Na hapa chini ni nani? Mukhwana. Saini safi kabisa, mzee, hata umepiga mstari."

Msomaji, nilikielewa kifungu cha nne. Nilitafuta kila neno, nikaandika maana yake kwa penseli. Niliyajua maneno yote, na sikujua yalichokuwa yakisema.

"Ndululu, mimi ni mtu mzima. Nakuomba."

"Mzee, na mimi nakuomba. Nimekopa kamera. Nimekopa hata karai! Kama si wewe, nani atachungulia? Lazima kuwe na jicho."

"Jicho ya nini?" sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Kagiri mwenyewe, tumbo mbele, funguo nyingi kiunoni. Ndululu akamweleza kwamba mzee hataki tena kuonekana akiangalia wanawake.

Kagiri akacheka mpaka funguo zikalia.

"Mukhwana! Wewe ni mgonjwa? Watu wanalipa kuangalia, wewe unalia kwa sababu umeangalia! Wacha nikusaidie. Weka jicho yangu."

Ndululu akamtazama Kagiri, kisha akanitazama mimi, kama fundi anayepima mabomba mawili.

"Inaweza," akasema.

Haikuchukua robo saa. Mlango wa seli ya tisa ulikuwa bado hauna mpangaji. Kofia niliyovikwa mimi ikamkaa Kagiri vizuri kuliko mimi. Walihitaji mtu wa kushika taa, nikashika. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamulika.

Kagiri akaweka jicho kwenye tundu. Akalitoa.

"Wee! Wanawake wako wapi? Hapa kuna kopo tu!"

"Ndivyo ilivyo kazi hiyo," nikamwambia. "Vumilia."

Ndululu akaunganisha papo hapo, na kile kipande cha kwenye simu akakibadilisha. Jicho langu likaondoka kwenye skrini, la Kagiri likakaa mahali pake, jekundu kidogo, likipepesa. Nikampa Ndululu mkono. Nikampa Kagiri mkono. Nilishuka ngazi nikipiga mluzi, na mama wa maharagwe akanisalimia kama mfungwa anayemuaga mwenzake aliyeachiliwa.

Furaha yangu ilidumu kama saa moja na nusu. Ni muda wa kutoka Gatina hadi Kianda kwa miguu ya mzee, pamoja na kusimama kununua mandazi.

Nilipofika kibandani kwangu, Valary alikuwa ananisubiri nje, mikono kiunoni.

"Mzee, uko na mgeni. Ako nyuma ya mabati. Amesema hawezi kuingia, na wewe ukiingia usitoke."

Nikajua ni nani. Nikavuta kigoda, nikakaa nimeipa mgongo ile karatasi ya bati inayozuia jua.

"Baba," sauti ya Sella ikasema upande wa pili. "Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, mama. Nyumbani?"

"Nyumbani si salama."

"Najua. Lakini tulia. Nimetoka Gatina sasa hivi. Jicho langu limetolewa. Mimi simo tena."

Nikangoja shukrani.

"Na tundu wameliziba?" akauliza.

"Hapana. Ndululu alisema lazima awepo mtu wa kuchungulia."

"Mmeweka nani, Baba?"

"Kagiri."

Nilisikia kitu kimegonga bati. Nadhani ni paji la uso wake.

"Kagiri mwenye plot?" akasema. "Kagiri wetu? Anayetukodisha nyumba Kabiro?"

Nilijua kwamba Kagiri ana nyumba za kupanga Kabiro. Nilijua kwamba Morris na Sella wanakaa katika mojawapo. Nilikuwa nayajua mambo yote mawili, wapenzi wasomaji, lakini nilikuwa nimeyaweka katika mifuko tofauti.

"Baba, huyo mtu hunigongea mlango kila Morris akiwa mjengoni. Ati anaangalia kama paa inavuja. Paa gani, na sisi tuko ghorofa ya kwanza? Mwaka jana Morris alimshika shati mbele ya watu. Akamwambia, 'Siku nitakukuta ukiangalia mke wangu, nitakuonyesha.' Plot nzima ilisikia."

"Sikuambiwa."

"Ungeambiwa na nani? Mimi na wewe tunaongeaje hayo?"

Valary, aliyekuwa amesimama kati yetu kama refa, akasema, "Mzee, hapo umeharibu. Umeharibu kabisa."

"Nyamaza, Valary."

"Nanyamaza. Lakini umeharibu."

Sella hakulia. Ningependelea alie. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono.

"Jicho lako, Baba, lina wazee. Wanakaa, wanasema, kondoo anachinjwa, tunanyunyiziwa dawa, mambo yanaisha. Hata Morris hawezi kukataa. La Kagiri lina nini? Hakuna mzee atakayekaa kwa sababu ya jicho la Kagiri. Hapo ni mimi na Morris na mlango. Nitarudishwa kwa mama yangu na watoto wawili."

Nikafanya wanavyofanya wanaume waliokosea. Nikauliza swali la ukali.

"Na wewe ulitafuta nini kwenye filamu kama ile, mke wa watu?"

"Si wewe ulisimama kanisani, Baba?" akasema. "Ukasema inafundisha. Nikasema moyoni, kama Baba ameiangalia na ameikubali, mimi ni nani? Waliniambia nitavaa leso. Nilivaa leso. Ikateleza, nikataka kusimama, Ndululu akasema endelea, endelea, usiharibu. Nikaendelea. Watu wote walikuwa wananingoja."

Valary akatazama chini. Alikuwa kwenye foleni ile siku ile, na hakusema neno.

Nilitoa simu, nikampigia Ndululu pale pale.

"Rudisha jicho langu," nikamwambia.

"Mzee?"

"Lile la kwanza. Lirudishe. La Kagiri litoke."

"Mzee wangu, asubuhi umenililia litoke!"

"Na sasa nalilia lirudi. Unalo bado?"

"Liko. Lakini hii si balbu, ati unatoa unaweka. Kagiri ako hapa chini anaita watu. Wacha niongee na yeye. Nitakupigia."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni, mzee mzima, nikiomba nionekane mbele ya umati nikifanya jambo nisilolifanya.

"Baba," Sella akasema, "mzee wetu wa ukoo, Khamala, lazima ajue kabla ya Jumamosi. Ukisema mwenyewe kwanza, hiyo ni ajali. Ukikutwa, hiyo ni tabia."

Alikuwa amesema kweli. Kwetu, mwenye kosa la ukwe akijitaja kabla hajatajwa, ukoo wote husimama upande wake. Lakini hawezi kumwambia mwanawe kwa kinywa chake. Lazima neno lipitie kwa mzee wa ukoo, naye ndiye amwite mwana nyumbani na kumweleza. Khamala akimwita Morris, Morris atatoka Naivasha moja kwa moja hadi kwetu Chwele. Hatapita Kabiro.

Utauliza kwa nini nisimpigie Khamala simu. Khamala ana masikio mabovu. Simu yake huzungumza kwa kipaza sauti tangu ainunue. Ukimwambia siri, soko la Chwele limesikia, na kufikia jioni Morris ameshapigiwa na watu wanne, kila mmoja na jicho lake.

Kwa hiyo ni barua.

Nimeandika barua nyingi. Nimeandikia chifu, nimeandikia askofu, nimewaandikia majirani wasioweza kuandika. Sijawahi kupata shida kama siku hiyo. Niliweka anwani juu kulia, tarehe chini yake, nikaandika KUH: AJALI YA UKWE, nikapiga mstari kwa rula. Kisha kalamu ikasimama.

Nilichana karatasi ya kwanza kwa sababu ilikuwa inajitetea. Kopo la rangi lilitajwa mara tano. Nilichana ya pili kwa sababu ilimtukana Ndululu. Ya tatu nilimsomea Sella kupitia bati:

*Mzee Khamala, salamu nyingi. Nimeingia katika filamu bila busara, na mke wa Morris ameingia kwa kuamini neno langu. Katika filamu hiyo mimi nachungulia tunduni, naye yuko upande wa pili hajajisitiri. Jicho ni langu. Kosa ni langu. Yeye hana kosa. Mwite Morris kabla ya Jumamosi, umweleze wewe, na uniambie siku ya kuleta kondoo. Mpaka hapo sitakanyaga nyumba yake. Ni mimi, Mukhwana.*

"Hukusema hukuniona," Sella akasema.

"Nikisema sikukuona, wazee watakaaje? Hakuna kondoo wa kopo la rangi."

Kisha akasema, "Asante, Baba," akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto. Sikugeuka.

Basi la kwenda magharibi huondoka Kawangware saa kumi na moja na nusu. Nilifika kwenye ofisi ya vifurushi saa kumi na moja na dakika kumi, shati limenilowa mgongoni. Ofisi ni dirisha lenye vyuma, na nyuma yake kulikuwa na mama mmoja aliyevaa sweta ya kijani, Waceke, jina liko kifuani.

"Unatuma nini, mzee?"

"Barua."

"Barua ya kuandikwa?" Akaninyooshea mkono kana kwamba nimeleta mnyama wa pori. "Bado haijafungwa. Funga tuandike."

Hapo simu ikalia. Ndululu.

"Mzee, nimeongea na Kagiri. Amekataa."

"Amekataaje? Jicho ni langu!"

"Filamu ni yangu na plot ni yake. Ameshapigia watu. Anasema Jumamosi analeta marafiki thelathini waone jicho yake, na ati ameambia hata bibi yake. Nikilitoa, anatutoa sisi. Nitalala wapi na hizi mashine?"

"Mwambie nitamtengenezea geti. Bure."

"Nimemwambia hivyo. Akasema geti haionyeshwi kwa ukumbi."

"Ndululu, mwanangu ataua mtu."

"Mzee, usiniambie hivyo. Mimi natengeneza filamu ya kuburudisha." Akashusha pumzi. "Nitajaribu tena kesho. Siahidi."

Akakata.

Nikabaki dirishani na karatasi mkononi. *Jicho ni langu.* Asubuhi ya siku ile ile sentensi hiyo ilikuwa kweli. Sasa ilikuwa uongo, na ulikuwa na saini yangu chini yake. Khamala akiwahi kumwita Morris, sawa. Basi likichelewa, au mzee akiwa shambani, au Morris akiamua kupita Kabiro kubadilisha nguo, ataona jicho la Kagiri juu ya mgongo wa mkewe, na baada ya hapo barua yangu itasomwa kama barua ya mzee anayemfichia mkwewe uchafu.

Ningeweza kuongeza mstari. Ningeweza kueleza habari ya macho hayo mawili. Lakini ningemweleza Khamala vipi kwamba jicho la pili niliomba mwenyewe liwekwe, na taa nikashika mimi? Na huyo Khamala, kuchungulia kwa mwenye nyumba wa mjini hakumhusu. Angekunja karatasi, akasema hilo ni la polisi, na Sella angebaki peke yake kama alivyosema.

Tangu nijifunze herufi, katika maisha yangu sijawahi kuandika neno ninalojua si kweli. Hata kwa chifu. Hilo nililijivunia kuliko cheti.

"Mzee, unatuma ama hutumi?" Waceke akaniuliza. "Gari inapakia."

"Natuma."

"Ndani kuna kitu cha kuvunjika?"

"Andika ndiyo."

Akanitazama juu ya miwani yake, akaandika. Nikakunja karatasi mara tatu, nikaitia ndani ya bahasha, nikailamba gundi kwa ulimi mkavu. Haikushika. Nikailamba tena, nikaibana juu ya kibao cha dirisha kwa kidole gumba mpaka ikashika, nikaipitisha kati ya vyuma. Waceke akagonga muhuri mara mbili, akaitupa kwenye gunia la Chwele, na mpakizi akalibeba gunia begani akaenda nalo.